Surf yangu ya 1KZ inachemsha Kitonga, nifunge feni za umeme au nifanyeje?

Dada mmoja wa Ilula ameniandikia hivi: "Fundi shikamoo. Nina Toyota Surf ya 1997, injini ya 1KZ, otomatiki, aliniachia marehemu baba. Tambarare haina shida ila nikipanda mlima Kitonga na mzigo mshale wa joto unapanda, safari ya mwisho ulikaribia nyekundu nikapaki pembeni. Fundi wa hapa alitoa themostati, ikatulia kama wiki 3 ikarudia. Sasa anasema tutoe feni ya injini tuweke feni 2 za umeme na rejeta kubwa. Nikubali? Na nikikwama njiani peke yangu nifanye nini?"

Marahaba dada yangu, pole kwa mzee, na pole kwa hiyo safari maana najua kukaa pale Kitonga malori yanakupita kwa sentimita si jambo dogo. Nikujibu moja kwa moja: feni ya injini usitoe, rejeta kubwa usinunue kwanza, na themostati (ile valvu inayofungua na kufunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta) irudishwe wiki hii hii. Sasa nikueleze kwa nini, na uniruhusu niandike kwa urefu kidogo kwa sababu hii injini naipenda na nimeona nyingi sana zikifa kwa kukosa vitu vidogo.

1KZ ni injini ya lita 3, dizeli yenye tabo, bloku yake ni chuma lakini silinda hedi (kile kichwa cha juu cha injini chenye valvu) ni alumini. Alumini ikipata moto inatanuka kuliko chuma, kwa hiyo ikichemsha vibaya hata mara moja tu hedi inapinda au inapata ufa, na kwa injini hii ufa hupenda kutokea katikati ya valvu. Hedi ikishapasuka ndio mambo ya kuchomelea yanaanza, inakaa miezi michache inarudia, au ununue hedi mpya ambayo bei yake utaumia. Kwa hiyo kila kitu nitakachokwambia hapa lengo lake ni moja tu, kuilinda hiyo hedi. Na cha kwanza kununua sio feni, ni kengele.

Unashangaa? Sikiliza. Mshale wa joto kwenye dashibodi za Toyota za miaka ile umetengenezwa ukae katikati usimtie dereva wasiwasi, yaani maji yakiwa digrii 80 uko katikati, yakifika 95 uko hapo hapo katikati, sasa siku unauona unasogea ujue joto limeshapanda zamani na umebakiwa na dakika chache. Alafu kuna kitu kibaya zaidi, ile sensa inapima maji. Hozi ikipasuka maji yakamwagika yote sensa inabaki hewani haina cha kupima, mshale unaweza hata kushuka, wewe unaona gari imepoa kumbe hedi inaungua. Niliwahi kuletewa Prado ya 1KZ kwa kuvutwa, yule mzee mwenye gari akaapa kwamba mshale haukupanda hata kidogo na mimi nilimwamini, maana tulipofungua boneti hozi ndogo ya hita ilikuwa imechanika kama urefu wa kidole na ndani ya rejeta hapakuwa na tone la maji.

Kwa hiyo tafuta geji ya ziada yenye namba, iwe na alamu, na ikiwezekana sensa 2. Moja inafungwa kwenye hozi ya juu kwa kipande cha bomba cha kuunganishia, hiyo inasoma maji. Ya pili ni ile yenye kichwa cha pete kama terminali ya betri, inafungwa kwa bolti kwenye chuma cha hedi yenyewe, hii hata maji yakiisha inaendelea kusoma joto la chuma. Endesha wiki moja kawaida uone gari yako inapenda namba gani, nyingi zenye afya zinakaa kwenye 80 na kitu mpaka 90, alafu weka alamu digrii kama 8 hivi juu ya hapo. Hicho kifaa kina bei ndogo kuliko gasketi ya hedi na mtu yeyote anayejua kufunga redio ya gari anaweza kukifunga.

Themostati sasa. Mafundi wengi wanaamini ukiitoa maji yanapita kwa wingi gari inapoa. Sio kweli kwa hizi Toyota. Themostati ina kazi 2, ikifunguka upande wa rejeta kile kisahani chake cha chini kinaziba njia ya mkato ambayo maji hupita kurudi kwenye injini bila kwenda kwenye rejeta. Ukiitoa ile njia ya mkato inabaki wazi muda wote, sehemu ya maji ya moto inazunguka tu humo humo kwenye injini, na ndio maana ulipata wiki 3 za amani za barabara ya kawaida, kilima kilipokuja kikakuumbua. Nunua themostati nzuri ya digrii 82 au ile iliyoandikwa kwa gari yako, na kabla hujafunga ijaribu jikoni kwako: itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka na kipimajoto, washa jiko. Karibu na namba iliyochapwa juu yake utaiona inaanza kuachia, na maji yakikaribia kuchemka iwe imefunguka sana, kama sentimita nzima hivi. Isipofunguka rudisha dukani siku hiyo hiyo. Wakati wa kufunga kile kidude kidogo kinachochezacheza kando yake kikae juu, ndipo hewa inapotokea.

Kabla ya hela nyingine yoyote kutoka lakini, lazima tujue kama hedi bado nzima, maana kama gasketi inayoziba kati ya hedi na bloku imeshaanza kupitisha moto hata ukiweka rejeta ya lori haitasaidia. Fanya hivi asubuhi gari ikiwa imelala. Bonyeza hozi ya juu kwa mkono, ikiwa ngumu imejaa presha wakati injini ni ya baridi kabisa, hiyo sio dalili nzuri. Fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji mpaka shingoni, mwambie mtu awashe gari wewe unaangalia. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyobaki, ila yakiendelea kutoka mfululizo kama soda, dakika 5 hayakomi, na yanaongezeka akikanyaga mafuta, basi moto wa silinda unaingia kwenye maji. Kuna kipimo kizuri zaidi cha dawa ya bluu inayowekwa kwenye shingo ya rejeta, ikibadilika kuwa kijani au njano jibu limepatikana, ulizia gereji za Iringa mjini. Angalia pia maji yanapungua bila kuona tone chini? Oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa? Na kwa sababu yako ni otomatiki angalia maji ya rejeta yasiwe na rangi ya waridi yenye utelezi, hiyo inamaanisha oili ya giaboksi imevuja ndani ya rejeta na hapo simamisha gari usiitembeze.

Tuchukulie hedi nzima, na naamini kuna nafasi nzuri kwa sababu ulipaki mapema. Gari inayopoa tambarare ikachemsha kilimani, mwendo mdogo na mzigo mkubwa, mara nyingi shida ni upepo. Barabarani spidi 80 upepo unaingia wenyewe, Kitonga unapanda na spidi 20 nyuma ya lori, upepo wote unategemea feni. Chukua tochi uchungulie kati ya kondensa ya AC (kile kirejeta cha AC kilicho mbele) na rejeta, hapo katikati. Kwa maeneo yenu ya mashamba nina uhakika utakuta mbegu za nyasi, wadudu, vumbi limegandamana kama mkeka, na ukiangalia kwa mbele unaona safi kabisa. Hiyo huioshi ukiwa umesimama mbele. Inabidi kulegeza rejeta au kondensa upate nafasi, alafu maji yapite kutoka upande wa injini kwenda mbele kwa presha ndogo, ile mashine ya kuoshea magari inalaza mapezi yote (yale mabati membamba kati ya mabomba ya rejeta) ukaharibu zaidi. Ukimaliza tafuta sponji ngumu uzibe zile nafasi pembeni na juu ya rejeta, upepo ukikosa pa kupenya pembeni unalazimika kupita katikati. Na kava la plastiki linalozunguka feni hakikisha lipo na halijavunjika, bila hilo kava feni inavuta upepo kutoka kila mahali isipokuwa kwenye rejeta.

Alafu feni yenyewe. Ile bakuli ya alumini iliyopo katikati ya feni ni klachi, ndani ina oili ya silikoni nzito kama asali, na mbele ina springi ya bati iliyojikunja. Hewa ya moto kutoka kwenye rejeta ikiipiga ile springi inajizungusha, inafungua njia, silikoni inaingia kwenye mifereji na feni inashika. Miaka ikipita silikoni inapungua feni inateleza, inazunguka ila haivuti. Gari yako ina karibu miaka 30, kama klachi ni ile ile iliyokuja nayo basi mimi namshuku huyu kuliko wote. Kuijua ni rahisi: endesha mpaka injini ipate moto kweli, zima, funguo weka mfukoni, kisha izungushe feni kwa mkono. Ikigoma kama imewekwa gundi ni nzima, ikizunguka yenyewe raundi 2 au 3 imekufa. Angalia pia kama kuna alama za mafuta yenye vumbi karibu na ile springi.

Unaweza kununua klachi mpya, au ukajaza silikoni, hii kazi tunaifanya mezani saa moja imeisha. Feni inatoka na nati 4, zile nusu 2 za bakuli unaziwekea alama ya chaki zirudi zilivyokuwa, unafungua skrubu zake taratibu usichane ile pete ya mpira. Silikoni ya Toyota inauzwa kwenye vityubu vya mililita 18, zipo za uzito tofauti, kwa gari la mzigo na milima watu wa Land Cruiser hupenda ile ya 10,000. Wengi wanaongeza tyubu 2. Inaingia polepole sana, usiwe na haraka, subiri ishuke yenyewe. Ukifunga, asubuhi ukiwasha utasikia inanguruma kama lori dogo kwa muda mfupi alafu inatulia, na ukiwa Kitonga utaisikia tena inaamka. Huo mlio ndio unaoutaka.

Ndio maana nakataa kutoa hii feni. Ikiwa nzima inasukuma upepo mwingi kuliko feni nyingi za umeme za bei nafuu zinazouzwa madukani kwetu, na haitegemei waya wala fyuzi. Feni ya umeme iwe msaidizi, moja tu, mbele ya kondensa. Iwekewe rilei, fyuzi yake, waya mnene, athi nzuri kwenye bodi, na swichi ndani unawasha mwenyewe kabla hujaanza kilima. Usikubali ifungwe kwa zile klipu za plastiki zinazochomekwa katikati ya mapezi ya rejeta, gari ikitikisika zinasaga mabomba mpaka yanatoboka, weka vibao vya chuma vishike kwenye bodi. Na ikishafungwa shika karatasi mbele yake, karatasi ivutwe kuelekea ndani. Nimeshaona gari zaidi ya moja feni imeunganishwa kinyume inasukuma upepo kwenda nje, inapigana na feni ya injini, mwenye gari anashangaa imezidi kuchemsha.

Kitu ambacho fundi wako hakukitaja, na kwako ni muhimu, ni kupooza oili ya giaboksi. Otomatiki ikipanda kilima na mzigo konveta (kinachounganisha injini na giaboksi kwa oili) inateleza na kuchemsha oili, na hiyo oili inapozwa ndani ya tenki la chini la rejeta, kwa hiyo rejeta inabeba moto wa injini na wa giaboksi kwa pamoja. Ukiweka kirejeta kidogo cha oili mbele, oili ipite kwanza kwenye rejeta kubwa alafu hapo, unaipunguzia mzigo. Kama ningekuwa na hela ya kitu kimoja tu baada ya kengele na klachi ya feni ningechagua hiki kabla ya rejeta kubwa.

Rejeta badilisha kama tenki zake za plastiki zimekuwa kahawia na zina nyufa ndogo ndogo juu, au ukiipima kwa mkono (injini imezimwa) unakuta sehemu za kati ni za baridi wakati pembeni ni za moto, hapo imeziba. Mimi napenda ya shaba kwa safari zetu kwa sababu fundi wa rejeta wa mji wowote anaweza kuichomelea. Mfuniko wake badilisha tu, ni spea ya bei ndogo sana. Ule wa presha ya 0.9 ndio wake. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, maji ya wazi huko yanachemka kwenye digrii 95 hivi, mfuniko mzima ndio unayasogeza mpaka karibu 115. Mfuniko wenye mpira uliokufa unakuibia digrii 20. Ila usiweke wenye presha kubwa kuliko 0.9 ukidhani unaongeza faida, tenki la plastiki la zamani litapasuka.

Maji jamani. Usiweke ya kisima hasa ukiwa Dar, mengi yana chumvi yanakula alumini. Kulanti nusu na maji safi nusu, mfumo unachukua karibu lita 10, maji yaliyoondolewa chumvi ni mazuri, na ukienda duka la spea usiseme tu nipe maji ya betri bila kusoma chupa, unaweza kupewa asidi. Ukijaza paki gari pua ikiangalia mlimani, fungua hita, mfuniko wazi, iache inguruke ukiwa unabonyezabonyeza hozi mpaka hewa iishe na hozi ya chini ipate moto.

Sasa njiani ukiwa peke yako. Kuna hali 2 na hatua zake ni tofauti kabisa, usizichanganye. Ya kwanza, namba inapanda ila maji yapo, hakuna mvuke wala harufu tamu. Zima AC, fungua hita mpaka mwisho na feni yake juu kabisa, utapikika humo ndani ila hiyo hita ni rejeta ndogo inakuokoa. Punguza mguu, tafuta pa kupaki, weka jiwe kwenye tairi na pembetatu nyuma mbali, kisha acha injini iunguruke raundi 1,200 hivi bila gia. Usiizime, ukizima wota pampu na feni zinasimama na moto wote unabaki kwenye hedi. Dakika 2 au 3 utaona inashuka. Isiposhuka, zima.

Ya pili, kuna mvuke, au ile sensa ya chuma inalia, au hita uliyoifungua inatoa hewa ya baridi. Hita kutoa baridi wakati injini ni ya moto maana yake hakuna maji ya kuipasha, basi zima hapo hapo hata kama ni katikati ya kona. Fungua boneti na ukae mbali. Saa nzima. Watakuja wasamaria wema wakwambie mwagia maji ya baridi, mwagia kwenye rejeta, kataa kwa adabu, maji ya baridi kwenye alumini yenye moto ndio yanayopasua hedi iliyokuwa bado nzima. Mfuniko unafunguliwa ukiweza kuushika kwa mkono mtupu, tena kwa kitambaa, nusu mzunguko kwanza usikilize.

Kwenye boksi lako la nyuma weka lita 10 za maji, mkanda wa silikoni ule unaojishika wenyewe bila gundi, klipu za chuma 4, fenibelti (hata zile za zamani ukibadilisha usitupe), mfuniko wa akiba, epoksi ya udongo, koleo, bisibisi, glovu na tochi. Hozi ikichanika ikaushe vizuri, zungushia mkanda wa silikoni ukiuvuta mpaka ufikie karibu mara 2 ya urefu wake, anza mbali na tundu umalizie mbali. Ukikosa, mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa mstari mrefu na klipu juu yake unafika mjini. Hozi ya hita ikipasuka weka pia kipande cha bomba la chuma la saizi yake ili uunganishe ile ya kwenda na ya kurudi, hita inabaki nje na safari inaendelea. Bomba moja la rejeta likitoboka likate katikati, likunje kila upande kwa koleo ubane, kupoteza bomba 1 au 2 sio shida. Ukishaziba tundu lolote mfuniko uache kwenye kituo cha kwanza usibane mpaka mwisho, presha inakuwa ndogo na kiraka kinakaa, ila kumbuka maji sasa yatachemka mapema kwa hiyo nenda taratibu na angalia kiwango kila baada ya kilomita chache.

Yai, manjano, unga, usiweke kwenye rejeta hata akikwambia dereva wa miaka 40. Vinaziba tundu ndiyo, alafu vinaziba hita na yale mabomba membamba, na mimi ndiye ninayekuja kuvikwangua.

Kilimani toa ovadraivu (ile gia ndefu ya mwisho) kabla hujaanza kupanda, weka 2, raundi zikae 2,500 mpaka 3,000, feni na wota pampu zinafanya kazi vizuri hapo kuliko kukanyaga mafuta mengi kwenye gia ndefu. Ukiona moshi mweusi mzito nyuma yako umekanyaga kupita kiasi.

Anza na kipimo cha mapovu kesho asubuhi gari ikiwa bado ya baridi, alafu niandikie ulichoona na rangi ya maji, ndipo nikwambie kama tunaagiza silikoni au tunafungua hedi. Na hadi hapo Kitonga usipande na mzigo.